Siku moja na mashine ya kazi moja, Lamu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai ya tangawizi, mahamri, na kompyuta iko wazi tayari. Leo namalizia mashine ya ghala la samaki: Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo ya bodi moja, memori yake megabaiti 512. Kazi yake ni kusoma joto la chumba cha baridi na kupiga king'ora likipanda. Basi.

Saa mbili. Mafundi wengi huweka mfumo endeshi wa Linux mzima, kisha wakaanza kupunguza. Siiafiki njia hiyo. Ukitoa kifurushi kimoja cha programu, kingine kinalalamika, na mwishowe hujui kilichobaki kimebaki kwa nini. Naanza na Alpine, aina ya Linux ambayo huja karibu tupu: amri za kila siku kama ls, cp na mount zimekusanywa ndani ya programu moja, BusyBox. Kila ninachoongeza lazima nikijue kazi yake. Lugha ya Python sijaiweka, skripti fupi ya sheli, yaani faili la amri zinazofuatana, inatosha.

Saa nne. Sensa ya joto ni DS18B20, na raha yake ni kwamba kerneli, kiini cha Linux, huweka kipimo ndani ya faili. Unaisoma kwa amri ya cat, unakuta t=4125, yaani nyuzi 4.125 za Selsiasi. Ukiona 85000 usishtuke: hiyo ndiyo namba sensa inayoamka nayo kabla haijapima chochote. Skripti yangu huikataa na kusoma tena. Lakini faili ikitoweka kabisa, king'ora kinalia. Waya uliokatika usije ukadhaniwa ni chumba chenye baridi nzuri.

Saa sita kasoro. Hapa nakaa zaidi. Mashine ina betri, lakini betri nayo huisha, na kadi ya SD ikikatiwa umeme katikati ya kuandikwa, faili zinaweza kuharibika. Kwa hiyo naiendesha Alpine kwa namna ya bila diski: ikiwaka, mfumo wote unapakiwa kwenye memori, na kadi inabaki ya kusomwa tu. Nikibadilisha kitu, naandika amri ya kuhifadhi, lbu commit. Hapo ndipo kadi inapoguswa. Kwa mashine isiyo na fundi wa kuilinda usiku, sioni njia bora kuliko hii.

Swala, wali, samaki.

Saa tisa. Napita Langoni na boksi mkononi, nawapisha punda wenye mizigo ya matofali. Mwenye ghala ananipokea mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Na umeme ukizimika?"

"Tuuzime sasa hivi."

Nachomoa umeme, nachomoa na betri. Nikirudisha, inaamka yenyewe, inasoma joto, na saa iko sawa. Pi hii haina saa yenye betri, na ghalani hakuna intaneti ya kuirekebisha, ndiyo maana nimeifungia kipande cha saa, DS3231, chenye betri ya kifungo.

Mzee amefurahi, akaniomba niongeze redio humo humo. Nimemwambia redio tutaitafutia mashine yake.