Mlango wa Pyongyang

Jana usiku nilirudi kwenye ile ripoti ya Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa kuhusu Korea Kaskazini, ya Februari 2014. Kila nikiifungua sifiki mbali. Safari hii nilikwama kwenye mateso ya njiwa, kama wanavyoyaita waliopitia humo: mtu amefungwa mikono kwa nyuma, ametundikwa ukutani kwa kimo ambacho hawezi kukaa wala kusimama. Nilizima simu nikakaa gizani.

Tume haikuruhusiwa kuingia nchini. Jaji Michael Kirby wa Australia na wenzake wawili wakawafuata waliotoroka: mashahidi zaidi ya 80 walisema hadharani Seoul, Tokyo, London na Washington, na mahojiano kama 240 yakafanyika kwa siri. Kule Korea Kaskazini, kosa la mtu huweza kuwafunga wazazi na watoto wake. Nani asingeogopa?

Siku chache baada ya ripoti kutoka, Botswana ilivunja uhusiano wa kibalozi na Pyongyang. Nilishangilia sana, tena ni nchi ambayo sanamu za machifu watatu pale Gaborone zilijengwa na kampuni ya Korea Kaskazini. Bado naiheshimu kwa hilo.

Ila siku hizi moyo umegawanyika. Mei 2017, Catalina Devandas, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, alikaribishwa Pyongyang. Kabla yake hakuna mtaalamu maalumu wa Baraza la Haki za Binadamu aliyewahi kukanyaga huko. Miezi mitano nyuma, serikali ilikuwa imeridhia mkataba wa haki hizo. Naam, alionyeshwa walichotaka akione. Lakini mtoto asiyeona wa huko naye ni mtu, na bila mazungumzo nani angemuulizia? Ninachokikataa ni kuununua mwaliko kwa kuyanyamazia makambi, ambamo tume ilikadiria wafungwa wa kisiasa 80,000 hadi 120,000.

Kuipeleka kesi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kumeshindikana hadi leo. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ndilo lingeipeleka, na humo China na Urusi zina kura ya turufu. Linaniuma.

Agosti 2023 kijana aliyetoroka, Ilhyeok Kim, alizungumza mbele ya Baraza la Usalama. Alipofika mwisho akageukia Kikorea, akisema na watawala wa kwao. Nimeitazama video hiyo mara tatu. Kikorea sikijui, lakini sikuisogeza mbele hata mara moja.