Siku moja maishani mwangu: tuta la mama na mbao tatu

Saa 12 na nusu asubuhi, Pasua, Moshi. Mlima Kilimanjaro ulikuwa wazi, kilele cha Kibo chote kinaonekana. Mwisho wa Februari huwa hivyo, ila saa 4 haifiki umeshajitanda mawingu, na jua la huku chini halina huruma. Nilikunywa chai, nikatia kwenye kiroba msumeno, nyundo mbili, pima maji, futi na kamba. Mpwa wangu akabeba sururu na chepe. Kazi ya siku ilikuwa kumwekea mama mmoja, mteja wangu, kingo za mbao kwenye tuta lake la mboga.

Saa 1 na nusu tulikuwa kwa muuza mbao. Mangi akanisogezea paini za dawa, zile za kijani, akisema mchwa hawazigusi. Kwa uzio ningechukua. Lakini hili ni tuta la mchicha, na dawa ile mara nyingi huwa na shaba, kromi na aseniki. Vipande vyake hata jikoni havichomwi. Nikachagua saiprasi tatu za inchi 2x6, urefu futi 12, zenye moyo mwingi kuliko ule weupe wa nje, na 2x2 moja. Kila ubao nilifumba jicho moja na kuutazama ubavuni. Mmoja uliopinda niliurudisha mara mbili; Mangi alikuwa anauchomeka tena chini ya mingine.

Saa 3 kasoro kirikuu kikatushusha kwa mama, mtaa wa Shanty Town.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmekunywa chai?"

Hatukusema tumekunywa.

Masika iliyopita mvua ilisomba tuta lake, samadi yote ikaishia kwenye mfereji wa barabarani. Safari hii anataka kingo ziwe zimekaa kabla Machi haijaanza kumwaga. Mwanawe aliye Dar alimpigia simu kwamba mbao zipakwe oili chafu. Nikamweleza kwamba oili kweli inawazuia mchwa, ila mvua inaishusha kwenye udongo, na udongo huo ndio unaomlisha. Sikumficha pia kwamba saiprasi isiyo na dawa haidumu milele, siku moja atanipigia tena. Akafikiri kidogo. "Huyo ananunua mchicha supamaketi, atajuaje?"

Kupima kulichukua nusu saa. Upana futi 4, ili ukichuchumaa upande wowote mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Urefu ubao mzima. Nilifunga kamba kwenye vijiti vinne, nikapima kona hadi kona kwa mshazari: mmoja ulizidi mwenzake inchi 3. Tukasogeza vijiti mpaka ikalingana. Ukiruka hatua hii tuta linakaa upogo, na kila mgeni ataliona kabla yako.

Kisha mtaro, hadi karibu saa 7. Watu wanadhani kazi hii ni misumari. Misumari ni nusu saa tu. Nilikuwa nimemwomba mama amwagie maji usiku, la sivyo sururu ingekuwa inadunda. Kiwanja kina mteremko, kwa hiyo upande wa chini ubao ulizama inchi 2 na wa juu inchi 4, ili pima maji isome sawa. Unachimba, unalaza, unatoa, unakwangua kidogo, unalaza tena. Mpwa akauliza kama inatosha. Haikutosha.

Ile 2x2 ilitoa vigingi nane vya futi 1 na nusu, nikavichonga ncha kwa panga. Vinne kila upande, kwa ndani, vichwa vikae inchi moja chini ya ukingo ili udongo uvifunike. Kigingi cha tano, pigo la tatu, sauti ikabadilika na maji yakamrukia mpwa usoni. Bomba la plastiki! Sikuuliza linapita wapi, na swali hilo huwa nawafundisha wengine. Nilikimbilia koki ya mita, kisha bodaboda hadi duka la vifaa kwa soketi ya kuungia bomba na gundi, hela yangu mwenyewe. Saa nzima ikapotea. Mama hakusema neno, alileta machalari, ndizi za kupika na nyama. Hapo ndipo niliona aibu zaidi.

Saa 9 tukapigilia. Mpwa alishika nyundo kubwa nyuma ya kigingi kisirudi nyuma, mimi nikapiga msumari wa inchi 4 kwa kuulaza kidogo usitokeze upande wa pili. Tukarudishia udongo nje ya mbao na kuushindilia, tukajaza ndani udongo na samadi iliyooza.

Saa 11 kasoro nilibaki na kipande cha futi 4. Nikakikata: futi 2 za kukalia, futi moja moja za miguu. Mama akakikalia kigoda hicho kabla sijamaliza kufuta vumbi, akaanza kumwelekeza mpwa wapi apande figiri.

"Na lile bomba," akasema bila kugeuka, "marehemu ndiye aliyelifukia. Hakuniambia hata mimi."