Mjomba, redio, na Petey Greene

Jana jioni niliiangalia tena Talk to Me, ile filamu ya Kasi Lemmons ya 2007 kuhusu Petey Greene, mtangazaji wa redio WOL kule Washington, na safari hii sikuwa peke yangu, mjomba amekuja Kampala kuangaliwa macho akalala kwangu, basi nikaweka laptopu juu ya stuli nikawa namtafsiria kama VJ, wale watafsiri wa filamu kwenye vibanda vya video, bila kuongeza chumvi (sawa, kidogo).

Mjomba ni mtu wa redio. Kule Busia anayo ile yake ya zamani, kifuniko cha betri kilishapotea, betri amezibana na mpira aliokata kwenye tyubu ya baiskeli, zikichoka anazianika juani kutwa nzima na jioni zinaongea tena. Kwa hiyo Greene alimwingia mara moja. Jamaa katoka jela ya Lorton, mlevi, mdomo hauna breki, anapewa maiki na watu wa mtaani wanamwelewa maana anaongea kama wao. Don Cheadle kamcheza, jamani.

Halafu ukafika ule usiku wa Aprili 1968, Martin Luther King ameuawa, mji unawaka moto, Greene yuko hewani anawabembeleza watu watulie. Mjomba akasema simamisha kwanza. Akaniuliza nakumbuka Septemba 2009? Nitaachaje kukumbuka, zile ghasia za Kampala, CBS, redio ya Buganda, ikazimwa na haikurudi hewani mpaka Oktoba 2010, na bimeeza, ile mijadala ya watu wamekaa mezani na vinywaji vyao huku redio inarusha moja kwa moja, ikapigwa marufuku. "Huyu walimwachia maiki," akasema. "Sisi walituzimia." Tukaendelea.

Sasa wahakiki. Ilipotoka wengi waliisifu, hasa Cheadle na Chiwetel Ejiofor aliyecheza Dewey Hughes, bosi na rafiki wa Greene, na Ejiofor akabeba tuzo ya Independent Spirit ya mwigizaji msaidizi. Lawama iliyojirudia ni kwamba nusu ya pili inalegea, inageuka filamu ya maisha ya mtu kama zile zingine, kapanda, wakagombana, akaugua, wakamzika. Kulegea inalegea kweli, sibishi. Ila mimi naona inalegea pale maiki ya redio inapotoka mbele yetu, tunapelekwa kwenye majukwaa ya vichekesho, tunapelekwa mpaka kwenye kipindi cha TV cha Johnny Carson, na taratibu unajikuta humfuati Greene tena, unamfuata Dewey na ndoto zake.

Mjomba hajasoma uhakiki hata mmoja lakini filamu haikuwa imeisha akauliza, "Mwanangu, hii hadithi anasimulia nani, huyu mlevi ama yule wa suti?" Nikamwambia mmoja wa walioandika skripti ni Michael Genet, na Genet ni mtoto wa Dewey wa kumzaa. Alicheka mpaka akakohoa. "Si ndio!"

Familia ya Greene walilalamika kwamba mengi ndani ya filamu hayakuwa vile. Mara ya kwanza niliposoma nilipuuza, nikasema ndugu huwa hawaridhiki. Jana nikaanza kuwaonea huruma. Simwiti mtoto wa Dewey mwongo, kila mtu anamjua shujaa kupitia kwa baba yake, lakini Greene alishakufa 1984, na huyu ni mtu ambaye riziki yake yote ilikuwa kujisemea mwenyewe.

Kabla ya kulala mjomba akataka amsikie Greene wa kweli. Nikamtafutia kwenye simu ile video ya kipindi chake cha TV anafundisha namna ya kula tikiti maji, kalishika kwa mikono, anaongea mdomo umejaa. Nikaanza kutafsiri, akaniwekea mkono begani ninyamaze. Akaitazama mara tatu. Ya nne bando ikaisha.