Skrubu ya mashine ya alizeti: tulivyojifunza kuitengeneza wenyewe Singida

Mashine yetu ya kukamua alizeti ilitoka China, kama zilivyo nyingi hapa Singida, na kwa miaka kadhaa ilikuwa yetu kwa jina tu. Mkanda ukikatika tunanunua mjini. Mota ikiungua yupo fundi wa kuisuka upya. Lakini skrubu ikilika, yaani ule mhimili wenye mbavu za mzunguko, wa vipande vinavyovishwa kwenye shafti, unaosukuma mbegu na kuzibana hadi mafuta yatoke, kazi inasimama mpaka mtu apande basi la Dar es Salaam. Na skrubu haisubiri msimu uishe. Alizeti huvunwa kuanzia Mei. Wakulima wanafika na magunia kwa pikipiki, kwa guta, kwa trekta, na kufikia Julai, foleni ikiwa imeshagusa barabara, mashudu, yaani mabaki ya mbegu zilizokamuliwa, yanaanza kutoka mazito, yana mafuta bado. Unayafinya, kiganja kinang'aa. Hapo ujue pesa ya mteja inaenda kwa ng'ombe.

Wenzangu wenye mashine Iramba na Manyoni wameniuliza sana mimi na kaka yangu tulifanyaje hadi tukaacha kununua skrubu. Nimeona niandike mara moja.

Kwanza niseme kwa nini spea ya dukani haikutusaidia. Muuzaji anakuuliza jina la mashine, unamtajia, anakuletea kipande na kukuapia, "Ni hii hii dada." Ukifika nyumbani tundu ni pana kidogo, au ubavu wa mwisho umezidi urefu. Viwanda vingi kule China vinatengeneza mashine zenye jina moja na umbo moja kwa macho, lakini vipimo kila kimoja na vyake. Kijitabu kilichokuja na mashine kilikuwa na picha ya mashine nzima na maelezo ya kuwasha na kuzima. Mchoro wa skrubu wenye vipimo hakikuwa nao. Hilo nimekuja kulielewa baadaye: ukinunua mashine umeuziwa chuma, ujuzi umebaki kwa aliyeichora.

Si kwamba ujuzi wenyewe ni siri. Mashine ya kukamua mfululizo kwa skrubu ilibuniwa na Valerius Anderson huko Cleveland, Marekani, akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi kisheria, mwaka 1900. Hataza hiyo ilishakwisha muda zamani, kila mtu ana ruhusa ya kuiga. Wachina waliiga, wakaipunguza ukubwa, wakaifanya ya bei ambayo hata sisi tuliiweza. Swali lilikuwa kwa nini safari ya ujuzi iishie bandarini.

Tulielekezwa kwa mzee mmoja mwenye karakana ndogo nje ya mji. Nilienda na skrubu iliyolika mfukoni mwa rambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umeniletea maiti?"

Nikamwambia nataka anichongee kama ile. Akaigeuza mara moja tu, akanirudishia. "Nikichonga kwa kumtazama maiti, nitakupa maiti wa pili. Niletee aliye hai."

Wengi hukwama hapo hapo bila kujua. Fundi anapewa skrubu iliyokwisha, anapima kilichobaki, anachonga sawasawa na alichopima, halafu mwenye mashine analalamika kwamba za kienyeji hazifai. Kumbe aliyechonga amenakili uchakavu. Kwa hiyo tuliponunua seti mpya msimu uliofuata hatukuifunga. Ilikaa karakanani kwa mzee wakati sisi tunasuasua na ile ya zamani, na kaka alinung'unika sana kwa hilo. Mzee alipima kila kipande kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene: unene wa shina, kimo cha ubavu, nafasi kati ya ubavu na ubavu. Alikata vigezo vya bati vya kila umbo, akaviandika namba kwa rangi. Alinionyesha siri ya mashine nzima ilipo: kuanzia mdomoni kwenda mwishoni shina linanenepa na nafasi kati ya mbavu inapungua, hivyo mbegu zinabanwa mahali panapozidi kuwa padogo hadi mafuta yakimbilie kwenye nyufa za pembeni. Ukikosea mnenepo huo kidogo, mashine ama inaziba ama inatema mbegu nzima.

Nilimwuliza alijifunzia wapi. Inafaa niliseme hili, maana ndilo lililonifanya nielewe mambo mengine. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973, na mwaka 1976 ukaanza mpango na Sweden wa kuunganisha viwanda vidogo vya kwao na vya kwetu, viitwe ndugu. Kampuni ndogo ya Sweden ilileta mashine na michoro, mafundi wake wakafanya kazi bega kwa bega na Watanzania, na Watanzania nao wakapelekwa Sweden kujifunza. Vingi vya viwanda hivyo vilikuwa Arusha na Moshi. Mzee alikuwa kijana katika kimojawapo. Miaka ya themanini fedha za kigeni zilipoadimika, malighafi ilikosekana, viwanda vikayumba, naye akarudi kwao Singida na kalipa yake.

Nimesoma watu wakiihukumu miradi ya zama zile kwa kuhesabu majengo yaliyobaki matupu. Kulikuwa na kiwanda cha zana za mashine Moshi kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria, na karakana ya Mang'ula iliyotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA. Majengo ni rahisi kuyahesabu. Mafundi waliotawanyika na yale waliyoyajua hawamo kwenye hesabu hiyo, na bila mmoja wao mimi ningekuwa bado napanda basi.

Baada ya vipimo likaja suala la chuma gani. Mzee hakuwa na maabara. Alikuwa na jiwe la kunolea la umeme: anagusisha chuma, anatazama cheche. Cheche ndefu zisizochanua sana ni chuma laini chenye kaboni kidogo. Zikipasuka kama maua mengi, kaboni ni nyingi. Skrubu ya kwanza aliichonga kutoka ekseli ya lori, chuma kizuri, akaipasha moto na kuizamisha kwenye maji ili ikomae. Ikalia. Ufa ulianzia kwenye kona ya ule mfereji unaoishikiza skrubu kwenye shafti. Hakushtuka hata kidogo. Alisema alitaka mimi na kaka tuione ikipasuka ili tuache kumharakisha. Kinachozamishwa kikakomaa chote hadi moyoni huwa kigumu lakini hakina ustahimilivu, na kona kali ndipo kinapopasukia. Tangu siku ile kona zote tunazilainisha kwa tupa.

Njia tuliyobaki nayo ni kutumia chuma laini na kukilisha kaboni ngozi tu. Vipande vilivyochongwa vinapangwa ndani ya kipande cha bomba nene kilichozibwa chini, vinazungushiwa mkaa uliopondwa punje ndogo na kuchanganywa na magadi. Ndiyo, magadi haya haya ya kulainishia maharage. Ndani yake mna kabonati ya sodiamu, ambayo kwenye joto kali huusaidia mkaa kutoa gesi inayobeba kaboni hadi kwenye uso wa chuma. Mfuniko unasilibwa kwa udongo wa mfinyanzi hewa isiingie. Kisha bomba linakaa kwenye tanuri la mkaa lenye feni, saa nyingi, tangu asubuhi hadi jua linazama.

Joto linatakiwa kuwa nyuzi 900 za Selsiasi au zaidi kidogo. Kipimajoto cha kufika huko hatukuwa nacho. Mzee anatumia sumaku na macho. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Kwa hiyo kipande cha majaribio kinachoning'inia kando kikikataa sumaku, unajua uko hapo, unaongeza moto mpaka wekundu uelekee rangi ya chungwa. Kazi hii huanza alfajiri lakini hatua ya kutazama rangi inafanyika kivulini, kwa sababu juani kila wekundu unaonekana hafifu na utaunguza chuma.

Kwa saa nane hivi kaboni inaingia kina cha milimita moja au zaidi kidogo. Vikitoka vinapashwa sawasawa na kuzamishwa kwenye mafuta, maana kwenye maji vinapinda. Kipimo cha mwisho ni tupa: ukiivuta juu ya ubavu ikateleza bila kung'ata, umefaulu. Ikikwangua, rudi mwanzo. Tulirudi mwanzo.

(Kuna anayedhani haya ya kutia kaboni kwenye chuma ni mambo ya kuletwa. Uchimbuzi wa Kemondo, Kagera, ulioandikwa kisayansi mwaka 1978, ulieleza kwamba wafua chuma wa Buhaya walikuwa wakipata chuma chenye kaboni kwa kuingiza hewa iliyopashwa moto tanurini, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mzee nilipomsimulia alisema tu, "Na hao walikuwa na mkaa mzuri.")

Skrubu yetu ilifanya kazi. Ilidumu zaidi ya ile ya dukani, ingawa si kwa tofauti niliyoitarajia baada ya jasho lote lile, na hapo ndipo kaka, ambaye hana hamu na nadharia, akatuzidi akili. Alichukua kopo la alizeti kutoka gunia la mteja, akalipepeta juu ya gazeti. Chini pakabaki mchanga.

Wakulima wengi wanakausha na kupiga vichwa vya alizeti chini kwenye udongo. Mchanga wa Singida unaingia kwenye gunia, gunia linamwagwa kwenye mdomo wa mashine, na mashine inausaga mchanga ule kwa mbavu zake kutwa nzima. Aliyeichora skrubu alitarajia mbegu safi. Mashine ilivuka bahari, mbegu safi hazikuvuka nayo. Tukamtengenezea kaka chekeche lenye nyavu mbili, wa juu unazuia takataka kubwa na wa chini unapitisha mchanga, na feni pembeni inayopeperusha makapi. Halafu tukaanza kuwaazimisha wateja maturubai yetu wakati wa mavuno, anayerudi na mbegu safi anakamuliwa kwa punguzo. Ukiniuliza leo nini kilichorefusha maisha ya skrubu zaidi, ngozi ngumu au chekeche, nitasema chekeche, na mzee atakasirika.

Nimefikiria sana pia juu ya mashine iliyotangulia hizi za umeme. Mama mdogo alikuwa na ile ya mkono, yenye wenzo mrefu na pistoni, iliyobuniwa na Carl Bielenberg huko Arusha mwaka 1985. Ilichosha mabega na ilikamua kidogo kwa siku. Lakini ilibuniwa tangu mwanzo ili karakana ya kawaida iweze kuitengeneza, na ikasambaa nchi nyingi za Afrika. Ile ikiharibika fundi wa kijijini aliirudisha. Kwa wingi wa mafuta hii ya China inaishinda kwa mbali, kwa hiyo sisemi turudi kwenye wenzo. Nasema tu anayenunua mashine aulize siku ile ile kipande gani kitakufa kwanza na nani jirani anaweza kukitengeneza. Bei ya kununulia haisemi lolote juu ya hilo.

Wakubwa wanalitazama jambo hili kwa tani. Mwaka 2021 Serikali ilitaja mahitaji ya mafuta ya kula nchini kuwa tani 570,000 kwa mwaka na uzalishaji wa ndani tani 205,000 tu, pengo likizibwa zaidi na mawese ya Malaysia na Indonesia. Tunahimizwa kulima zaidi, na tunalima. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoanguka tuliona watu wakiacha. Mimi kwa pembe yangu naona na tani nyingine zisizotajwa: mashine ndogo zenye skrubu chovu zinaacha mafuta mengi ndani ya mashudu, kila kijiji, kila msimu, bila kuongeza ekari hata moja.

Mzee hakutaka malipo ya ujuzi. Alitulipisha chuma na mkaa, na sharti moja: kila kitu kiandikwe kwenye daftari, kwa michoro, na daftari lisifichwe. Mwanzoni kaka alitaka tufiche, kwamba ndiyo mali yetu. Mzee akamwuliza, "Mashine yako ikizimika kwa kukosa mtu, utaikamulia siri yako?" Sasa wenye mashine wanaleta skrubu, na vijana wawili waliotoka VETA, chuo cha ufundi stadi, wanachonga. Beringi na gia bado tunanunua, hizo hatuzigusi.

Msimu huu pana ugomvi. Kijana mmoja anadai mnenepo wa shina tunaounakili umechorwa kwa ajili ya mbegu nyingine, karanga au soya, na kwamba alizeti yetu yenye maganda yake inahitaji sehemu ya mwisho iwe fupi ili mashine isipate moto bure. Mzee anasema kijana hajaota ndevu. Nimewaamulia hivi: skrubu ya kijana imefungwa kwenye mashine ya pili, ya mzee iko kwenye ya kwanza, mbegu zinagawanywa nusu kwa nusu kutoka gunia moja, na mashudu ya pande zote mbili yanapimwa. Hadi sasa ya kijana inatumia umeme kidogo na inaacha mafuta mengi. Amekwenda kuinenepesha tena.