Raundi ya nne: nyungunyungu wamekaa, hawajatoroka!

Wakuu, kwa wageni: nagawia nyungunyungu tope la choo kwenye kreti waligeuze kuwa mboji. Leo siku ya 9 na wako chini kwenye tope wanakula, hakuna aliyepanda ukutani. Mnaofuatilia toka raundi ya kwanza mnajua nimezika wangapi.

Tope ni la shimo la choo chetu wenyewe hapa Mbagala, limekauka kwenye kitanda cha mchanga mpaka likawa linakatika kwa koleo.

Sasa huu mziki. Raundi ya pili nilimwaga kilo nzima ya nyungunyungu jioni, saa kumi na moja alfajiri natoka na tochi ya simu nakuta wamening'inia kwenye kuta za kreti kama tambi zilizomwagika, wengine wako sakafuni wamekauka na sisimizi wanafanya sherehe. Nikasema ni joto. Nikahamishia chini ya mwembe, raundi ya tatu wakafa vilevile, tena safari hii hata mbio hawakupiga. Nikasema maji yamezidi, nikaongeza maranda, wapi! Nikalaumu mpaka chumvi ya maji ya kisima.

Kumbe mchawi mimi na jivu langu. Kila siku nilikuwa namwaga jivu kukata harufu, maana wife alishasema akiisikia tena hizo kreti zinaenda jalalani. Jivu linapandisha pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali, 7 ndiyo katikati), na tope la choo limejaa amonia, ile yenye harufu kali ya mkojo, sasa pH ikishapita 8 hivi ile amonia iliyotulia kwenye maji inazidi kugeuka gesi, na nyungunyungu anapumua kwa ngozi, atapona wapi? Yaani nawaunguza huku najiona nawahudumia. Miezi mitatu aisee!

Safari hii hakuna jivu. Ndoo moja ya tope kwa mbili za maranda na maboksi yaliyoloweshwa, nikarundika kwanza lichemke lenyewe. Lilifika nyuzi 58 za Selsiasi, likakaa juu ya 55 siku nne huku napindua ili la pembeni nalo liingie katikati, na hapo msiruke wakuu, mayai ya askarisi (minyoo ya tumbo ya binadamu) ni sugu, nyungunyungu peke yao msiwategemee kuyamaliza. Likapoa wiki mbili. Halafu kabla ya kumwaga jeshi lote nikatia kumi kwenye kopo la siagi na tope kidogo, mfuniko nimeutoboa kwa msumari, masaa 24. Nafungua, wote kumi wazima wamejikunja chini kabisa. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Kopo tu! Na mimi nilikuwa namwaga kilo kilo.

Kipimajoto cha dijitali msinunue, changu mvuke uliingia kwenye kioo wiki ya kwanza kikafa, kile cha mshale chenye mchuma mrefu hakina makeke. Na wavu wa mbu kwa kuchekecha ni utoto, unaziba hapohapo, tafuta chekeche la mchanga la tundu ndogo.

Mpango ulikuwa vyungu 12 vya mipapai, nusu mboji hii nusu mbolea ya dukani, tupime. Vyungu vipo, kimoja paka anakilalia. Ila juzi nimekutana na habari za vyoo vya minyoo, India wanaviita Tiger Toilet, nyungunyungu wanakaa humohumo chini ya choo wanakula kinyesi, maji yanachuja yanaingia ardhini. Sasa mimi wa nini kuchota, kukausha, kupindua? Nimeshapima pipa la lita 200, nitalitoboa kitako, kokoto chini, makumbi ya nazi juu.

Kinachonisumbua ni ile dawa ya choo yenye klorini, wife anaimwaga kila Jumamosi nusu chupa, itawamaliza wote. Na bado sijamwambia kwamba pipa linakaa chini ya choo chake.