Oksijeni ya mmea hutoka kwenye maji

Shuleni tulifupishiwa hivi: mti huvuta kabonidayoksaidi na kutoa oksijeni. Si uongo, lakini ufupisho huo umewaacha watu wengi wakiamini kwamba jani huinyofoa kaboni, likaila, kisha likatupa nje oksijeni iliyobaki. Sivyo. Oksijeni inayotoka kwenye jani ilikuwa ndani ya maji yaliyopandishwa na mizizi.

Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao huko Berkeley, Marekani, waliuweka mwani wa Chlorella ndani ya maji yenye oksijeni nzito, yaani ambayo kila atomi yake ina uzito wa 18 badala ya 16. Gesi iliyotoka ilikuwa na oksijeni nzito kwa kiwango kile kile cha maji. Oksijeni nzito ilipotiwa upande wa kabonidayoksaidi badala ya maji, gesi haikuifuata.

Kazi yenyewe hufanyika ndani ya kloroplasti, vyumba vidogo vya kijani ndani ya seli za jani. Klorofili, yaani rangi ya kijani ya humo, hunasa mwanga, na nguvu yake huyapasua maji mahali penye atomi nne za manganizi na moja ya kalsiamu. Molekuli mbili za maji zikivunjwa, hutoka molekuli moja ya oksijeni, na elektroni hubaki kwa matumizi. (Mmea unaokosa manganizi huonyesha umanjano kati ya mishipa ya majani, na usanisinuru wake, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, hupungua hata kama jua na maji vipo tele.) Baadaye kimeng'enya kiitwacho rubisko huikamata kabonidayoksaidi iliyoingia kupitia stomata, vitundu vidogo vya jani, na elektroni zile zikasaidia kuigeuza kuwa sukari. Oksijeni ya kabonidayoksaidi hiyo nusu huingia kwenye sukari, nusu ikawa maji mapya.

Kuiona gesi yenyewe si kazi ngumu, ila jaribio hili hushindwa mara nyingi kwa sababu ndogo ndogo. Tafuta mmea unaozama, kama hydrilla au ceratophyllum. Gugumaji halifai: majani yake yako hewani, kwa hiyo gesi hupotelea huko. Chukua lita moja ya maji ya ziwa au ya mvua. Ya bomba yaache wazi usiku kucha klorini ipungue. Koroga humo gramu 2 za baikaboneti ya soda, kiasi cha nusu kijiko cha chai kisichojaa. Hiyo ndiyo akiba ya kabonidayoksaidi. Usitumie beking pauda, kwani ina asidi: itatoa povu la kabonidayoksaidi na wewe utadhani mmea unafanya kazi. Magadi ya kupikia maharage nayo yaache, ni makali mno kwa mmea.

Kata kwa wembe vishina vitano au sita vya sentimita 10, uviweke chini ya faneli iliyofudikizwa, ncha iliyokatwa ikitazama juu, maana mapovu hutokea hapo. Inua faneli kwa sarafu tatu ili maji yazunguke. Fudikiza juu yake neli ya majaribio iliyojaa maji pomoni, kisha weka vyote juani. Mapovu yasipotoka baada ya dakika kumi, kata upya sentimita moja. Mara nyingi njia ya hewa ndani ya shina imebanwa na wembe butu.

Andaa chombo cha pili kisicho na mmea, cha kulinganishia. Watu hukiruka hiki, na ndicho chenye thamani kuliko vyote. Maji yakipata joto hutoa hewa iliyoyeyuka ndani yake, na mapovu hayo hujishika kwenye kuta za kioo. Yasikuhadae. Maji yakivuka nyuzi 35 hivi, sogeza chombo kwenye mwanga usio mkali, la sivyo mmea utadhoofika.

Subiri gesi ifike angalau sentimita 3 ndani ya neli. Huenda ikachukua siku nzima au mbili. Ziba mdomo kwa kidole, geuza neli, kisha ingiza kijiti chenye kaa jekundu lisilo na mwali. Kikiwaka tena, ni oksijeni. Kikingʼaa tu bila kuwaka, usikate tamaa: gesi hiyo huchanganyika na naitrojeni iliyokuwa imeyeyuka majini.

Sasa hesabu ya miti, maana hapa ndipo mabango ya kampeni za kupanda miti hutia chumvi kuhusu oksijeni ambayo mti humpa mtu. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Kilo moja ya mbao kavu imetumia takriban kilo 1.8 za kabonidayoksaidi, na mti ukatoa kilo 1.3 hivi za oksijeni. Mtu mmoja hutumia takriban kilo 0.8 za oksijeni kwa siku, karibu 300 kwa mwaka. Kuzifidia kunahitaji kilo 225 hivi za mbao mpya kila mwaka, na mbao hizo zibaki mbao. Zikichomwa au zikioza, oksijeni ile ile hurudi kutumika. Majani yanayodondoka nayo huoza, hivyo hayaingii kwenye hesabu. Wala hakuna sababu ya kuhofia kuishiwa: oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kavu, kabonidayoksaidi ni asilimia 0.04 tu. Ni hiyo asilimia ndogo ambayo msitu unaweza kuibadilisha.