Nilivyoiendesha saa kwa nyanya zilizooza

Nikisema natoa umeme kwenye nyanya zilizooza, majirani hapa Kayole hudhani ni biogesi. Siyo, hakuna kinachochomwa. Kuna bakteria ambao wakila chakula mahali pasipo na oksijeni huachilia elektroni, yaani chembe ndogo sana zinazobeba umeme. Ukiwawekea kaboni, elektroni hupita hapo na kufuata waya hadi upande wenye hewa. Mwingereza M. C. Potter alilionyesha jambo hili tangu 1911.

Kaboni niliipata bure: betri kavu zilizokwisha huwa na kijiti cheusi katikati. Nilivisugua vijiti na kuvichemsha mpaka maji yakatoka safi, kwa kuwa ule unga wa betri unaweza kutoa umeme wake wenyewe ukakudanganya. Waya wa shaba nao niliufungia juu ya kifuniko, usiguse maji kabisa.

Mama mboga alinipa nyanya, maganda ya ndizi na kabichi. Niliviponda, nikazimua kwa maji na kutia jivu kidogo kupunguza uchachu. Bakteria walitoka kwenye tope jeusi la mtaroni. Uji huo ulijaa kopo lililofungwa kabisa; kopo la pili, lililo wazi, lilikuwa na maji ya chumvi, na kila kopo lilikuwa na kijiti chake. Nikayaunganisha kwa bomba lililojazwa pamba iliyolowa maji ya chumvi. Bomba liwe fupi na nene. Likiwa refu na jembamba, umeme hukwama humo.

Nilitaka kuwa na hakika kwamba ni kazi ya bakteria, basi nikaandaa jozi nyingine ya makopo yenye uji uliochemshwa. Mita ikanijibu: ule mbichi ulipanda siku hadi siku ukapita volti 0.5, uliochemshwa ukabaki chini sana.

Volti hushuka mara tu unapoweka mzigo, yaani kifaa cha kutumia umeme, kwa hiyo niliunga jozi nne mfululizo, hasi kwa chanya, kuendesha saa ndogo ya namba ya volti 1.5 niliyonunua barabara ya Luthuli mjini. Inatembea! Balbu ya LED bado hainiwakii, inahitaji umeme mwingi zaidi.

Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vinavyooza, na nyingi huishia jaa la Dandora. Zangu zikishaliwa na bakteria huenda kwenye gunia la sukuma wiki. Sasa najaribu makaa yaliyopondwa kuzunguka kila kijiti, bakteria wapate pa kushika kwingi zaidi.